Kopo la pilipili au bunduki, mkebe au kamba: ulinganisho kwa anayekwenda kwenye misitu yenye dubu

Mtu aliyezoea kutembelea Serengeti au Maasai Mara anapofika Hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani kwa mara ya kwanza hukuta utaratibu usiofanana na ule anaoujua. Kwetu, matembezi ya miguu ndani ya hifadhi yenye simba na nyati hufanyika chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki, na mgeni haachiwi kuzurura peke yake. Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani na Kanada, mgeni hushuka kwenye gari, husoma kibao kilichosimikwa mwanzoni mwa njia, kisha huingia msituni yeye na watoto wake, katika ardhi ambayo dubu huishi na kujitafutia riziki. Hakuna wa kumsindikiza. Uamuzi wa usalama ni wake, na sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika dukani au nyumbani, siku kadhaa kabla ya safari.

Jambo hili sasa linawahusu wazungumzaji wengi wa Kiswahili. Tangu mwaka 2016 mji wa Missoula, katika jimbo la Montana, umekuwa ukipokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, na mji huo umezungukwa na milima ambayo dubu weusi hushuka kutoka huko hadi kwenye bustani za watu. Wapo pia Wakenya na Watanzania wanaosoma na kufanya kazi Calgary nchini Kanada, mwendo mfupi wa gari kutoka Hifadhi ya Banff. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini, kwa hiyo maarifa tuliyorithi kwa wazee kuhusu tembo, chui na fisi hayamgusi mnyama huyu, na ni lazima tuyatafute upya.

Ulinganisho huu una maswali mawili makubwa: ubebe nini kiunoni, na uweke wapi chakula chako. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyoendelea kusoma. Kwa watu wengi jibu la swali la kwanza ni kopo la pilipili, yaani dawa ya kupuliza inayomfukuza dubu, na jibu la pili ni chombo kigumu ambacho dubu hawezi kukifungua. Na kati ya maswali haya mawili, la chakula ndilo lenye uzito zaidi, ingawa la silaha ndilo watu wanalopenda kubishania.

Kwanza: dubu gani, na wapi

Amerika Kaskazini ina aina tatu za dubu, na huwezi kuchagua kinga kabla ya kujua ni yupi anayeishi unakokwenda. Dubu mweusi ndiye aliyeenea kuliko wote. Yupo katika majimbo yapatayo 40 ya Marekani na sehemu kubwa ya Kanada. Grizili, ambaye ni dubu wa kahawia wa bara, wamebaki wachache katika majimbo 48 yaliyoungana (Marekani bila Alaska na Hawaii), hasa maeneo ya hifadhi za Yellowstone na Glacier, ambako idadi yao yote hukadiriwa kuwa kama 2,000, ilhali Alaska peke yake ina dubu wa kahawia wapatao 30,000. Aina ya tatu ni dubu wa barafuni, wa pwani za kaskazini kabisa, ambaye mtalii wa kawaida hakutani naye.

Usiwatofautishe kwa rangi. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia, wa rangi ya mdalasini au hata wa kimanjano, na grizili anaweza kuonekana mweusi kwa mbali. Tazama mabega: grizili ana nundu ya misuli juu ya mabega, dubu mweusi hana. Tazama uso ukiwa ubavuni: wa grizili umebonyea kati ya paji na pua, wa dubu mweusi umenyooka. Masikio ya grizili ni mafupi na ya mviringo, na kucha zake za mbele ni ndefu kiasi cha kuacha alama mbali na vidole kwenye tope, wakati kucha za dubu mweusi ni fupi na zimepinda, zinazomfaa kwa kukwea miti.

Tofauti hii inaingia moja kwa moja kwenye sheria. California haina grizili tangu miaka ya 1920, na katika hifadhi za Yosemite na Sequoia, ambako kuna dubu weusi tu, kopo la pilipili limepigwa marufuku. Yellowstone, kinyume chake, askari wa hifadhi humhimiza kila mtembezi alibebe. Kwa hiyo anayenunua kopo akiwa njiani kwenda Yosemite anatupa fedha zake na anaweza kuvunja sheria, na anayetembea Glacier bila kopo kwa sababu rafiki yake alikwenda Yosemite bila nalo amefuata ushauri wa mahali pengine.

Nieleze pia ukubwa wa hatari, maana hofu iliyozidi humfanya mtu achague vibaya. Hesabu za Hifadhi ya Yellowstone zinaonyesha kwamba uwezekano wa mgeni kujeruhiwa na dubu ni takriban ziara moja kati ya milioni 2.7. Uwezekano huo hupanda kwa anayetembea mbali na barabara, na hupanda zaidi kwa anayetembea peke yake: asilimia 91 ya waliojeruhiwa humo tangu mwaka 1970 walikuwa peke yao au na mwenzi mmoja tu. Ukiniuliza kinga ipi ni ya bei nafuu kuliko zote, nitakujibu kwamba ni kuwa na mtu wa tatu.

Kopo la pilipili na bunduki

Kopo ninalolizungumzia lina kapsaisini, kile kiungo kinachoifanya pilipili iwashe, kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2, na hutoa wingu la rangi ya chungwa linalochoma macho, pua na koo la mnyama. Kopo linalofaa lina uzito wa dawa usiopungua gramu 225, hurusha wingu kwa mita 7.5 au zaidi, na hudumu likipuliza kwa sekunde zisizopungua 6. Yale makopo madogo ya kujilindia dhidi ya wahalifu hayafai, kwa kuwa hurusha mbali kidogo na kwa mkondo mwembamba. Kopo la dubu huandikwa wazi kuwa ni la dubu na huwa na namba ya usajili ya mamlaka ya mazingira.

Ushahidi bora tulio nao unatoka Alaska. Mwaka 2008 watafiti, miongoni mwao Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary, walichapisha uchambuzi wa matukio 83 ya kutumia kopo kati ya mwaka 1985 na 2006. Kopo lilimfanya dubu aache alichokuwa akifanya katika asilimia 92 ya matukio ya dubu wa kahawia na asilimia 90 ya dubu weusi. Katika makabiliano ya karibu, asilimia 98 ya watu waliokuwa na kopo walitoka bila jeraha, na wale wachache waliojeruhiwa hawakuhitaji kulazwa hospitalini. Mwaka 2012 Smith na wenzake walichapisha uchambuzi wa pili, safari hii wa matukio 269 yaliyohusisha bunduki, tangu mwaka 1883 hadi 2009. Bunduki nazo zilifanikiwa mara nyingi, bastola katika asilimia 84 na bunduki ndefu katika asilimia 76, lakini haikuonekana tofauti ya maana ya kujeruhiwa kati ya waliofyatua risasi na waliokuwa na bunduki wasiitumie.

Haki inanitaka niseme kwamba asilimia hizi haziwezi kuwekwa ubavu kwa ubavu kana kwamba zinatoka kwenye shindano moja. Matukio mengi ya kopo yalihusu dubu mdadisi au mwenye kutafuta chakula, wakati matukio ya bunduki yalijaa dubu waliokuwa tayari wanashambulia. Wanaopendelea bunduki hulisema hili, nao hawakosei. Hata hivyo, ukiziacha asilimia kando na kuangalia jinsi tukio lenyewe linavyokwenda, kopo bado linaonekana bora kwa mtu wa kawaida, na sababu kubwa ni muda.

Grizili anaweza kukimbia kilomita 56 kwa saa. Akitokea kichakani mita 30 mbele yako, una kama sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo mwenye bunduki anatakiwa aivue begani, aondoe kizuizi, alenge mnyama anayekuja kwa kasi huku kichwa chake kikipanda na kushuka, na ampige mahali pa kumwangusha papo hapo, kwa maana grizili aliyejeruhiwa tu ni hatari kuliko aliyekuwa mzima. Mwenye kopo hahitaji shabaha ya namna hiyo. Anatoa kopo kwenye ala iliyo mkandani au kifuani, anasukuma kizuizi cha usalama kwa kidole gumba mpaka kitoke, anashika kwa mikono miwili, anaelekeza chini kidogo mbele ya dubu na kupuliza dubu akiwa kati ya mita 18 na 9, ili mnyama aingie mwenyewe kwenye wingu linaloinuka. Kitendo hiki mtoto wa sekondari anaweza kujifunza kwa mchana mmoja, kwa kutumia makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili ambayo huuzwa kwa ajili hiyo. Ufyatuaji wa bunduki kwa kasi na usahihi huo huhitaji miaka.

Sheria nazo zinaelekea upande huo huo. Tangu Februari 2010 sheria ya Marekani inaruhusu kuwa na bunduki ndani ya hifadhi za taifa kwa anayekubaliwa na sheria za jimbo husika, lakini kuifyatua humo kwa kawaida kumekatazwa, na grizili wa majimbo 48 analindwa tangu mwaka 1975, kwa hiyo kila anayeuawa huleta uchunguzi. Wengi wetu tunapaswa kulizingatia jambo jingine: mgeni aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayeazimwa bastola na mwenyeji wake kwa nia njema anaweza kujikuta katika kesi itakayoathiri hata ukaazi wake. Kanada imekaza zaidi, maana hifadhi zake za taifa haziwaruhusu wageni kubeba bunduki. Kopo la pilipili linaruhusiwa huko kwa ajili ya wanyama, lakini kulibeba kwa nia ya kulitumia dhidi ya mtu ni kosa la jinai.

Kopo lina udhaifu wake na usifichwe. Upepo mkali unaokupiga usoni hulipunguza nguvu na unaweza kukurudishia pilipili. Katika uchambuzi wa Alaska upepo ulisumbua katika matukio machache, ingawa dawa ilimfikia dubu katika yote. Baridi kali hupunguza msukumo. Dawa huisha muda baada ya miaka mitatu au minne, na tarehe huandikwa kwenye kopo lenyewe, kwa hiyo kopo la kurithishana si kinga. Haliruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye begi la kupakiwa, jambo linalomlazimu msafiri kununua akifika, kwa bei ambayo mara nyingi ni dola 35 hadi 55, au kukodi pale inapowezekana, kama ilivyo Canyon Village ndani ya Yellowstone. Usiliache juani ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu joto linaweza kulipasua. Na lisitumike kama dawa ya mbu: wako watu waliojipulizia nguo, mahema na watoto wao wakidhani harufu itamfukuza dubu, ilhali mabaki ya pilipili yakishakauka humvutia, mbali na madhara yake kwenye ngozi ya mtoto.

Udhaifu mkubwa kuliko wote hauko kwenye kopo. Watembezi wengi hulinunua kisha wakalizamisha ndani ya begi la mgongoni, chini ya koti la mvua na chupa ya maji, mahali ambapo hakuna mkono utakaolifikia kwa sekunde mbili. Kopo lililo ndani ya begi lihesabu kuwa halipo.

Bunduki inabaki kuwa chaguo la busara katika hali mbili. Ya kwanza ni kwa mkazi wa Alaska vijijini, mvuvi au mwindaji aliyekua nayo, ambaye hukaa wiki nyingi mbali na msaada. Huyu atabeba vyote viwili, na hana haja ya ushauri wangu. Ya pili ni nchi ya dubu wa barafuni. Katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, anayetoka nje ya makazi anatakiwa kisheria awe na vifaa vinavyofaa vya kumtisha na kumfukuza dubu, na gavana hupendekeza kubeba bunduki pia, kwa sababu dubu huyo anaweza kumwinda binadamu kama mawindo mengine. Mtalii asiye na ujuzi huenda huko na kiongozi mwenye silaha, utaratibu ambao sisi tumeuzoea nyumbani.

Njuga au sauti

Hili halihitaji maneno mengi. Maduka ya kitalii huuza njuga za kufunga kwenye begi, na wauzaji husema zitamwonya dubu. Mlio wake ni mdogo. Haupenyi kelele za mto wala upepo, na Shirika la Hifadhi za Kanada huwaambia wageni wazi kwamba njuga hazitoshi. Sauti ya binadamu ni bora na ni bure. Zungumzeni, imbeni, pigeni makofi mnapokaribia kona, kichaka kizito au kijito chenye maporomoko, maana dubu wengi wakiwasikia mapema hujiondokea bila ninyi kujua walikuwepo. Kwaya nzima ya kanisa ikitembea kwenye njia ya Glacier ina usalama kuliko kijana mmoja anayekimbia mazoezi huku ameziba masikio kwa muziki. Mbio za mazoezi, nikiongeza, ni shughuli ya kuepuka katika nchi ya grizili, kwa kuwa mkimbiaji humfikia dubu ghafla na kimya.

Kuhusu umbali, sheria ya Yellowstone ni mita 91 kutoka kwa dubu, hata kama uko kando ya gari lako na wengine wote wamesogea kupiga picha.

Chakula: mkebe, kamba, mfuko au kabati

Ninakuja kwenye sehemu ninayoiona kuwa ndiyo kiini. Usiku mmoja wa Agosti 1967, wasichana wawili waliuawa na grizili wawili tofauti katika sehemu mbili za Hifadhi ya Glacier zilizoachana kwa kilomita nyingi. Hapo kabla, wenye nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na sehemu mojawapo walikuwa wakimwaga mabaki ya chakula kila jioni, na wageni wakikaa kuwatazama dubu wakila. Baada ya vifo hivyo hifadhi zilibadili mwenendo. Majalala ya wazi ya Yellowstone, ambako dubu walikuwa wakilishwa takataka kwa miongo, yalifungwa kufikia mwaka 1970. Dubu anayejua kwamba hema lina chakula huja akiwa ameshaondokewa na hofu, na hapo mjadala wa kopo au bunduki umeanza ukiwa umechelewa. Yeye mwenyewe pia mara nyingi huishia kuuawa na mamlaka.

Chombo cha kwanza ni mkebe mgumu wa plastiki au wa chuma chepesi, wenye umbo la pipa dogo. Mkebe wa kawaida wa lita 11.5 una uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja na hutosha chakula cha mtu mmoja kwa takriban wiki, kikipangwa vizuri. Ubora wake ni kwamba hautegemei mti wala ustadi: unaufunga, unauweka chini, mita 90 hivi kutoka kwenye hema, mbali na ukingo wa mto au mteremko ambao dubu angeubingirishia. Kasoro zake ni uzito, nafasi unayokula begini na bei inayokaribia dola 100, ingawa ofisi za vibali za baadhi ya hifadhi huukodisha kwa fedha kidogo. Mikebe na vyombo vingine hujaribiwa na dubu halisi waliofugwa katika kituo kilichopo West Yellowstone, Montana. Chakula huwekwa ndani, dubu huachiwa wakivamie, na chombo kinachostahimili dakika 60 za meno na kucha ndicho hupewa cheti. Tafuta cheti hicho kabla ya kulipa.

Hata mkebe haukosi historia ya kushindwa. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, aliishi dubu jike mweusi mdogo aliyeitwa Yellow-Yellow kwa sababu ya alama za njano masikioni. Alijifunza kukibonyeza kwa jino kile kijino cha plastiki kinachozuia kifuniko kisizunguke, kisha akakifungua kama afanyavyo mtu. Kampuni ikaongeza kijino cha pili, akakiweza nacho. Aliuawa na mwindaji mwaka 2012. Nakitaja kisa hiki ili kuonyesha akili ya mnyama tunayeshindana naye, na kwa nini ni muhimu kuuliza ofisi ya hifadhi ni aina ipi ya mkebe inayokubaliwa mahali hapo, maana orodha hazifanani.

Chombo cha pili ni kamba. Mfuko wa chakula hutundikwa angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina. Kwa karatasi ni rahisi. Kwa vitendo, ukiwa umechoka, giza linaingia na miti yote ya karibu ina matawi mafupi yanayoinama, ni kazi ya saa nzima inayomalizika vibaya. Dubu weusi hukwea, na wale wa California walijifunza zamani kuikata kamba mahali ilipofungwa, ndiyo sababu Yosemite hairuhusu tena kutundika. Yellowstone hali ni tofauti: kambi nyingi za msituni zimewekewa nguzo maalumu, nawe unatakiwa ubebe kamba ya mita zipatazo 11 tu. Kamba, kwa hiyo, naipendekeza pale penye nguzo, na si penginepo.

Mfuko wa kitambaa kisichochanika, ambao huwa na uzito wa robo kilo hivi, huwavutia sana wanaohesabu kila gramu. Dubu hawezi kuupasua kwa urahisi, lakini anaweza kuuponda hadi unga, nyanya na mkate viwe kitu kimoja, na hifadhi kadhaa, Yosemite ikiwemo, haziutambui. Kabati la chuma lililojengwa kambini ndilo bora kuliko vyote, nalo ni bure. Ukipata kambi yenye kabati, umemaliza.

Na gari? Hapa wageni wengi huteleza. Yellowstone inakubali chakula kiwekwe ndani ya gari lililofungwa vioo vyote. Yosemite haikubali usiku, kwa sababu dubu wake walijua kuung'oa mlango wa gari kwa kuushika ukingo wa juu na kuukunja. Mwaka 1998 hifadhi hiyo ilirekodi matukio zaidi ya 1,500 kati ya watu na dubu, mengi yakiwa ya magari kuvunjwa. Makabati ya chuma na mikebe ya lazima ndivyo vilivyoishusha idadi hiyo kwa kiasi kikubwa sana.

Kumbuka kwamba kwa dubu chakula ni kila chenye harufu. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nazi ya kupaka, nepi zilizotumika, chakula cha mbwa na sufuria isiyooshwa vyote huingia chomboni. Anayebeba dagaa wakavu au samaki wa kukausha, kama wengi wetu tunavyopenda, awafunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa na apike mita 90 kutoka mahali atakapolala, na nguo alizopikia asizivae ndani ya hema. Unga wa ugali, kwa upande mwingine, ni chakula kinachofaa sana kwa mkebe: hauachi nafasi tupu na hauna harufu kali.

Hema au kuta

Mwenye watoto wadogo anaweza kuchagua kutolala hemani kabisa, na simlaumu. Kambi ya Fishing Bridge ndani ya Yellowstone, iliyopo mahali dubu wanapopita sana, hukubali magari ya kulala yenye kuta ngumu tu; mahema ya kitambaa hayaruhusiwi hata ya kuunganishwa na gari. Ikiwa waendesha hifadhi wenyewe wamefikia uamuzi huo, familia iliyo katika safari yake ya kwanza inaweza kukodi chumba au gari la namna hiyo, ikatembea mchana na kulala ndani usiku.

Kulala chini au kupigana

Hata ukichagua vyema, unapaswa kujua utafanya nini kopo likishindwa. Kwa dubu wa aina yoyote, usikimbie wala usikwee mti. Grizili akikushambulia kwa kushtushwa, hasa jike mwenye watoto, na akakugusa, lala kifudifudi, acha begi mgongoni likukinge, panua miguu ili asikugeuze, fumbata mikono nyuma ya shingo na utulie mpaka uhakikishe ameondoka; yeye anataka kuiondoa hatari, na mtu aliyetulia si hatari tena. Dubu mweusi akikushambulia, pigana kwa jiwe, fimbo au chochote, ukilenga uso na pua. Na dubu yeyote, awe grizili au mweusi, anayekunyemelea kwa muda mrefu au anayeingia hemani usiku, huyo amekuja kwa ajili ya kula, na kwake hakuna kulala chini.

Nani achague nini

Familia inayokwenda Yellowstone kwa siku mbili, itakayotembea njia fupi zenye watu, ikodi makopo mawili ili watu wazima wawili wabebe, itembee kwa kundi na watoto wakiwa katikati, na chakula kibaki garini kikiwa kimefungwa. Wanaokwenda kulala msituni Glacier wanahitaji kopo kwa kila mtu mzima na mkebe, hata pale kutundika kunaporuhusiwa, kwa sababu mkebe hufanya kazi ileile hata kwa mtu aliyechoka. Wa Yosemite na Sequoia waache kopo, wakodi mkebe, na wapaze sauti na kusimama imara dubu akikaribia. Mwindaji wa kulungu wa Montana, mwenye leseni na bunduki mkononi tayari, abebe kopo pia, kwa maana vuli ndiyo majira ambayo dubu hula kwa saa kama 20 kwa siku wakijiandaa kwa usingizi wa baridi, na mzoga wa kulungu huwaita kutoka mbali.

Anayeishi Missoula na hatoki kwenda popote naye ana uchaguzi wa kufanya, tena wa mwaka mzima. Pipa la taka la kawaida alitoe asubuhi ya siku ya kuzolewa, asilitoe usiku uliotangulia, au achukue pipa lenye kufuli la kuzuia dubu pale kampuni ya taka inapolitoa. Matufaha yaliyoanguka ayaokote kila siku kuanzia Agosti. Na mama anayetaka kufuga kuku uani kama alivyofuga Kivu azungushie banda uzio wa umeme unaofanya kazi tangu siku ya kwanza, kabla dubu hajaonja kuku hata mmoja, kwa sababu uzio unaowekwa baada ya hapo hukutana na mnyama ambaye tayari ana sababu ya kuuvumilia.